Nani Aliisahau Hii?

Chupa ilikuwa nzito kama ya shampeni, na kizibo chake kilifungwa kwa waya. Rafiki yangu aliibeba kutoka Ubelgiji akiwa ameiviringisha ndani ya sweta na soksi mbili, akafika nayo salama hadi Kitale, akaiweka juu ya meza ya plastiki kwenye baraza ya nyumba anayopanga kule Milimani, kisha akatuambia tusiiguse. "Iacheni kwanza itulie," alisema. Tulikuwa watatu. Tukakaa tukiitazama ikitulia.

Huyu rafiki tunamwita Dakta, ingawa bado hajawa daktari wa chochote. Alienda kusomea uchachushaji wa vyakula, akarudi na shahada, koti zuri, na tabia ya kunusa kila kitu kabla ya kukitia mdomoni, hata chapati. Jioni hiyo alikuwa na hotuba. Bia hii, alisema, imelala miezi 18 kwenye mapipa ya mwaloni ambayo zamani yalikuwa na divai. Imetiwa rozimari na majani mengine ya porini. Nguvu yake asilimia sita na nusu. Bei yuro 22, yaani kama elfu tatu zetu. Mwenzetu wa tatu, ambaye ni fundi wa umeme na hana subira na hotuba, aliuliza kama kwa hiyo bei inakuja na kuku.

Kizibo kililia pu! Dakta akatumiminia kidogokidogo kwenye glasi za divai, kama anayepima dawa ya mtoto.

Nikainua glasi, nikanusa, na kabla sijaonja chochote nilikuwa nimesafiri. Sikuwa Kitale tena. Nilikuwa nyuma ya jikoni ya Kukhu huko Bungoma, karibu na pipa la plastiki la buluu, siku ya tatu, pale gunia lililofunika pipa linapoanza kulowa kwa mvuke. Halafu nikaonja. Ulimi ukajikunja, mate yakajaa mdomo mzima.

"Unaskia nini?" Dakta akauliza.

Fundi wa umeme alisema anaskia tufaha ambalo halijaiva. Dakta mwenyewe alisema ngozi, nyasi kavu, na zizi la farasi kwa mbali, na akaeleza kwamba hilo la zizi ni sifa. Macho yakanigeukia.

"Limau," nikasema.

Ulikuwa uongo. Na si uongo wa adabu, ule wa kumwambia mwenyeji chai haina shida wakati haina sukari. Ulinitoka haraka, umeshaiva, kama kitu nilichokuwa nimekitumia sana zamani. Usiku huo nililala kwenye kochi la Dakta nikijiuliza ule uongo nilijifunza wapi. Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa tu sitaki kulifikia.

*

Kwa wale hamkulelewa pande zetu: kukhu ni nyanya, kwa Kibukusu. Wangu ni mama yake mama, na alinilea kwa sababu mama alikuwa Nairobi akilea watoto wa watu wengine. Kukhu alipika busaa. Hakuwa na klabu, hakuwa na jina ukutani. Alikuwa na pipa la buluu, mikebe sita ya Kasuku ya kupimia, benchi mbili chini ya mwembe, na masikio makali.

Busaa wengi wanaijua kwa mizaha tu, kwa hiyo wacha nieleze kazi yenyewe. Unachukua unga wa mahindi, unaukanda na maji uwe mzito, unaufunika siku mbili tatu mpaka uanze kuchacha. Halafu unaukaanga juu ya bati pana lililokalia mawe, kuni zikiwaka chini, ukigeuza na kugeuza mpaka uwe wa kahawia na unuke kama ugali ulioshika sufuria. Hapo ndipo macho yanapoharibika, kwa moshi. Unauanika juani. Wakati huo wimbi lako umelilowesha, ukalifunika, likatoa vimizizi, ukalikausha na kulisaga. Hicho ndicho kimera. Vyote vinaingia kwenye pipa pamoja na maji, na kuanzia hapo kazi si yako tena. Kimera kinageuza wanga kuwa sukari. Chachu zilizojificha ndani ya kimera na kwenye kuta za pipa zinageuza sukari kuwa pombe. Bakteria wa asidi ya laktiki, ndugu za wale wanaogeuza maziwa kuwa mala, wanaleta ule ukali. Hamira ya dukani haihitajiki. Ukiwahi mno ni uji. Ukichelewa ni siki. Katikati kuna kama siku moja, na mpishi ndiye anayeijua siku hiyo, kwa pua.

Dakta alipotusimulia jinsi watu wa bonde la mto Zenne, karibu na Brussels, wanavyoacha maji ya shayiri wazi usiku kucha ili chachu za hewani zijitumbukize zenyewe, kisha wanayalaza kwenye mapipa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, sauti yake ilishuka kama mtu aliye kanisani. Nilimwelewa. Ni jambo la ajabu kweli, kuacha mlango wazi na kuamini kwamba atakayeingia ni mwema. Lakini nililiona likifanywa tangu nikiwa na miaka mitano, na hakuna aliyeshusha sauti isipokuwa kwa kuogopa askari.

Sisemi ni kitu kimoja. Yao inadai miaka, yake siku chache. Yao ni nyembamba na inang'aa, yake ilikuwa nzito kama uji, na kuna wazee ambao hicho kilikuwa chakula chao cha mchana. Ninachosema ni kwamba pua yangu haikuona tofauti, na mdomo wangu ukakimbilia limau.

Sasa lile jibu. Nikiwa kidato cha pili, kwenye shule ya bweni ambayo sitaitaja, Kukhu alikuja siku ya wazazi. Alikuwa na kitambaa cheupe kichwani, kuku ndani ya hotipoti, na karo yangu imefungwa kwenye leso: noti za hamsini na za mia, laini kama vitambaa kwa kushikwashikwa na mikono yenye maji ya pipa. Karani alizipokea kwa vidole viwili. Tulipotoka nje, mvulana wa darasa letu akaninong'oneza, "Huyo ni nani, mbona ananuka klabu?" Nikajibu, "Jirani yetu. Mathe hakuweza kuja."

Kukhu alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Masikio yake, nimeshakwambia, yalikuwa makali. Hakusema chochote. Alinipa hotipoti, akaniambia nirudishe vyombo vikiwa safi, akaenda kutafuta matatu.

Kwa hiyo swali ninalolileta hapa si kwa nini uchachu wa Ulaya unauzwa ghali. Hilo lina majibu mengi na yote ni ya kibiashara. Swali langu ni hili: nikikisifu leo kitu nilichokikana nikiwa na miaka 15, na kilichobadilika katikati ni kwamba mtu wa mbali amekisifu kabla yangu, je, hiyo sifa ni yangu? Au nimebadilisha tu bwana wa kuogopa?

*

Kuna Mskoti mmoja, David Hume, aliyeandika insha maarufu juu ya ladha mwaka 1757. Ndani yake anasimulia kisa alichokitoa kwenye Don Quixote. Jamaa wawili wa ukoo wa Sancho waliitwa kuonja divai ya pipa moja lililosifiwa sana. Wa kwanza akaonja, akasema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni nzuri, ila anaskia chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipokwisha, chini yake ukapatikana ufunguo wa zamani uliofungwa kwa kamba ya ngozi.

Nakipenda sana kisa hiki. Kwa Hume kilikuwa ushahidi kwamba ladha si kelele za kila mtu na lwake. Kuna kitu ndani ya pipa kweli, na kuna ndimi zinazokifikia na zisizokifikia. Nikiwa kwenye kochi la Kitale kilinipa faraja: pua yangu ilikuwa imeskia ufunguo. Busaa ilikuwemo ndani ya ile chupa, au ile chupa ilikuwemo ndani ya busaa, na mimi peke yangu pale barazani ndiye niliyekuwa na malezi ya kujua hivyo.

Lakini kisa hicho kina kona ambayo Hume hakukaa nayo muda mrefu. Wale jamaa walichekwa mpaka pipa lilipokwisha. Je, lisingemalizwa? Kuna watu ambao pipa lao halimalizwi kamwe na yeyote mwenye cheo cha kutangaza kilichokuwa chini, kwa sababu linamwagwa kwanza. Na Hume mwenyewe, mtu aliyefikiria kwa makini namna hiyo juu ya haki ya ladha, aliandika kwenye insha nyingine, ndani ya tanbihi, kwamba anashuku watu weusi ni duni kwa asili kuliko weupe. Nimejaribu kumwazia akipewa mkebe wa Kasuku chini ya mwembe wa Kukhu. Sidhani angetafuta ufunguo. Angetafuta mlango.

Isitoshe, tangu zamani anayeamua pombe ipi ni safi ndiye pia anayekusanya pesa zake. Ulaya, kabla ya hopsi kuenea, bia ilitiwa mchanganyiko wa mitishamba ya porini, na sehemu nyingi haki ya kuuza mchanganyiko huo ilishikwa na maaskofu na watawala, kama kodi iliyovaa majani. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria wakaamuru bia iwe ya shayiri, hopsi na maji, basi. Leo mtu akiirudisha mitishamba kwenye bia anaitwa mbunifu. Kwetu, mkoloni aliwakataza wanawake wa Nairobi kupika pombe majumbani, na kuanzia miaka ya 1920 baraza la mji likaanza kuuza pombe hiyohiyo ya kienyeji katika ukumbi wake kule Pumwani, faida ikibaki kwake. Baada ya uhuru ikaja sheria ya 1980 ya kupiga marufuku chang'aa. Halafu ya 2010, tunayoiita sheria ya Mututho, ikaondoa marufuku hiyo na kuweka leseni, masharti ya chupa na saa za kuuza. Kwa Kukhu, sheria hizi zote zilikuwa na sura moja: tochi kwenye uzio saa kumi za usiku, na noti ya mia mbili iliyowekwa tayari chini ya chungu cha mboga.

Mkisoma mpaka hapa mnajua ninakoelekea, sivyo? Kwamba busaa ndiyo bia yetu ya mafundi, ile wanayoiita krafti, tuiweke kwenye chupa, tuiheshimu. Hata mimi nilishawahi kuisema, kwenye baa moja ya juu ya ghorofa Nairobi, nikapigiwa makofi na watu ambao hawajawahi kukaanga unga kwa moshi wa kuni. Siku hizi siiamini sana. Sentensi hiyo inamheshimu Kukhu kwa sababu anafanana na Mbelgiji. Mbelgiji ndiye kipimo, Kukhu ndiye kitambaa. Na pia inaruka kitu ambacho aliyekaa karibu na pombe hawezi kukiruka. Mwezi wa pili 2024, watu zaidi ya kumi walikufa Kirinyaga kwa kunywa kitu kilichouzwa kama pombe. Haikuwa busaa, lakini waliokunywa walikuwa watu wa aina ileile waliokaa kwenye benchi zetu, wenye kiasi kilekile cha pesa mfukoni. Lebo ya Dakta, pamoja na mbwembwe zake, ilimwambia mnywaji kilichomo ndani. Hilo si jambo dogo.

Na mjomba wangu, ambaye nitamfikia.

*

Theluthi moja ya chupa ilibaki. Dakta alitaka kuimwaga, maana ikishafunguliwa inapoteza heshima. Nikaomba niende nayo. Kizibo kilikuwa kimevimba, hakirudi, kwa hiyo fundi wa umeme akachonga gunzi la mahindi likakaa sawasawa. Kitale hukosi gunzi.

Ilikuwa mwezi wa nane, 2024. Kwetu, mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti ni ya tohara, na kuanzia Kiminini matatu ilikuwa ikipunguza mwendo kila baada ya kilomita chache kupisha vijana waliopakwa na kupambwa, wakigonga chinyimba, zile kengele za mkononi, na umati nyuma yao ukiimba katikati ya barabara. Dereva hakupiga honi. Kamukuywa, Misikhu, Webuye, halafu kushoto mahindi, kulia miwa, mpaka Bungoma. Chupa ilikuwa katikati ya magoti yangu. Mama aliyekaa kando yangu alinusa, akanitazama, akasogeza mtoto wake upande wa dirisha. Nikaona haya kwa mazoea tu. Halafu nikaona haya kwa kuona haya. Kinywaji cha elfu tatu! Kikishazibwa kwa gunzi kilikuwa kimerudi kuwa kile kilivyo.

Kukhu sasa ana miaka 80 na kitu. Pipa aliligeuza juu chini mwaka 2013, akaokoka, na mpaka leo anaimba kwaya ya akina mama ingawa sauti imebaki nusu. Msako mkubwa wa 2015 ulipofika kijijini walilikuta pipa likikinga maji ya mvua, wakalitoboa hata hivyo.

Nilimkuta akichambua sageti mlangoni. Tulisalimiana, mulembe, mulembe, tukaulizana habari za watu wote walio hai na baadhi ya waliokufa. Halafu nikatoa chupa, nikamweleza kwa Kibukusu changu kilichovunjika kwamba ni pombe ya Wazungu, na kwamba nilitaka aione.

"Mimi nimeokoka," alisema.

"Najua, Kukhu. Unuse tu."

Akalitoa gunzi, akalinusa gunzi kwanza, kisha akaleta mdomo wa chupa puani. Akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko Dakta.

"Hii imekaa siku nyingi sana," akasema. "Nani aliisahau?"

Nikacheka, nikamwambia hakuna aliyeisahau, waliiweka makusudi, mwaka na nusu. Hakucheka. Akanusa tena.

"Na pipa lao liliingia hewa. Kuna siki huku nyuma. Haya majani ni ya kuificha."

Nilimwandikia Dakta palepale. Alijibu baada ya dakika chache kwamba ni kweli, pipa la mbao hupitisha hewa kidogokidogo na hapo siki huzaliwa, na kwamba hata wenyewe hubishana ni kiasi gani cha siki kinavumilika. Halafu akaongeza: huyo nyanyako alisomea wapi? Huo ndio ulikuwa ufunguo na kamba yake ya ngozi, umeletwa hadi juu na mama asiyejua kusoma lebo. Nilimtafsiria Kukhu swali la Dakta. Alilipuuza.

"Bei gani?"

"Elfu tatu."

Midomo ikasogea kidogo. "Mikebe mia na hamsini," akasema. Enzi zake mkebe ulikuwa mbao, shilingi ishirini. "Na waliopika hii, walikimbia usiku?"

"Hapana. Wana leseni."

"Ah."

Hapo nikaona nafasi niliyokuwa nimeisafiria kutoka Kitale. Nilikuwa nimejiandaa tangu Kiminini, kwa kweli tangu kidato cha pili. Nikasema, "Kukhu, yako ilikuwa tamu kuliko hii."

Akanitazama vizuri, kama mtu anayesoma mizani ya duka asiloliamini.

"Wewe ulijuaje? Hukuwahi kuinywa."

Ni kweli. Rudi juu usome tena, hakuna mahali nilipoandika kwamba niliionja. Alitukataza wajukuu wote kugusa mkebe, na nilipokua mkubwa wa kuweza kukaidi nilikuwa nimeshajifunza kuona kinyaa. Nilisomeshwa na kitu nisichokijua ladha. Nilijua harufu tu, na harufu hiyo niliijua kwa njia ya aibu, jinsi mtu anavyoijua sauti ya mdai wake. Kule barazani nilijiona ndiye pekee mwenye kipimo, na sikuwa na kipimo chochote. Nilikuwa na kumbukumbu ya gunia lenye mvuke na deni.

"Niliwakataza," akaendelea, akirudi kwenye sageti yake. "Nilikuwa naipika, na sikutaka iwe ndani ya nyumba yangu. Hata mjomba wako nilimkataza."

Mjomba alikufa 2012, ini. Alikuwa mwalimu msaidizi, akapoteza kazi, akauza nusu ekari. Hadithi niliyopewa utotoni ni kwamba pombe ilimmaliza, na kwa kuwa pombe niliyoijua ilikuwa moja, nilijaza nafasi iliyobaki mwenyewe. Kwa miaka 12 nilikuwa nikiamini, bila kulitamka, kwamba Kukhu alimuuzia.

"Hakunywa kwangu hata siku moja," alisema. "Sikutaka wateja wamwone mwanangu akiyumba kwenye benchi yangu. Ilikuwa haya. Nikamwambia, hapa kwangu hapana. Akaenda mtoni, kwa chang'aa." Akavunja kijiti cha sageti. "Busaa inakushibisha, unalala. Ile nyingine haina chini. Siku hizi najiuliza kama ningemuuzia tu."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha kwa njia ya kusifu pombe, na nikamkuta mwenye pombe akiwa na swali lake mwenyewe, zito kuliko langu, ambalo hakuna Mskoti aliyeliandikia insha. Haya yangu ilimuumiza yeye siku moja ya wazazi. Yake aliihesabia mtoto. Na ukiangalia vizuri ni haya ileile, ilitoka juu ikashuka: kwa yule mwenye tochi, kwa karani mwenye vidole viwili, kwangu, kwake, kwa mjomba, mtoni. Yeye aliiamini kiasi cha kutosha kumfukuza mwanawe kutoka kwenye kinywaji chepesi kuliko vyote pale kijijini.

Nilitaka kumwambia haikuwa kosa lake. Sikusema, kwa sababu sijui kama ni kweli, na angejua sijui.

*

Jirani wa tatu kutoka kwetu alikuwa na kijana wa kutahiriwa wiki ile, na mwaka wa tohara hata chifu hupitia njia nyingine, maana bila busaa hakuna sherehe. Kimera chao kilikaguliwa na Kukhu. Ameokoka, lakini akina mama wa hapo hawana pua nyingine ya kutegemea, na yeye husema kimera bado si pombe. Jioni wazee waliniita, mjukuu wa fulani, kaa hapa. Chungu kilikuwa katikati, mirija mirefu ikitoka ndani yake kama miguu ya buibui, kila mzee na wake. Mmoja alipangusa ncha ya mrija wake kwa kiganja akanipa.

Nikavuta. Ilikuja ya uvuguvugu, maana walikuwa wametoka kuongeza maji ya moto. Nzito. Kulikuwa na kuungua, kulikuwa na uchachu, kulikuwa na kitu kama unga mbichi pembeni ya ulimi. Ilikuwa nzuri? Nilitafuta ndani ya mdomo wangu kitu cha kuipimia, nikapata bia ya Dakta, na tangazo la pilsner fulani. Nikavuta tena.

"Unaskia nini?" mzee akaniuliza. Kwa kweli aliuliza kama inatosha, lakini nilivyosikia mimi ni hivyo.

"Sijui, kuka," nikasema. "Bado."

Akaona hilo ni jibu la kawaida, akaniachia mrija.

Niliporudi usiku nilimkuta Kukhu jikoni amemwaga kile kilichobaki na anasugua chupa kwa majivu na mchanga. Ni glasi nzito, alisema, itafaa kuwekea musherekha, yale maji ya majivu ya kulainishia mboga. Aliisuuza, akainusa, akaisugua tena. Akainusa mara ya tatu na kunisogezea mimi.

"Nusa," alisema. "Imetoka?"

Ilikuwa haijatoka.

"Basi lete maji mengine."